Arubuni Yangu Imekwenda Wapi? Maswali ya Kila Mara Kuhusu Maduka ya Fanicha Yanavyokua na Yanavyofilisika

Kwa miaka tisa nilikuwa karani wa hesabu katika duka la fanicha hapa Mombasa. Liliponiajiri lilikuwa chumba kimoja Mwembe Tayari, vitanda vitatu na feni isiyozunguka. Lilipofungwa lilikuwa na matawi sita, godauni mbili Changamwe na malori yaliyochorwa kochi jekundu ubavuni. Mpaka leo nikipita Makupa au nikingoja feri, hakosi mtu wa kunishika mkono: "Bwana karani, ile arubuni yangu je?" Maswali ni yale yale, kwa hivyo nimeyakusanya hapa, pamoja na yale ya wanaoniuliza kuhusu maduka makubwa ya nje yaliyokufa kifo kama chetu.

Duka lenyewe lilikuwa lipi?

Silitaji. Wenyewe wangali hai, tunaswali msikiti mmoja, na mengine ninayoyasema hapa sikuyaelewa mpaka daftari lilipofungwa. Ukilijua, umelijua.

Arubuni ni nini, na mbona huachi kuitaja?

Ni pesa unayotanguliza ili muuzaji ajue umenuia. Vijana siku hizi husema depoziti. Kwa fanicha huwa nusu ya bei, pengine theluthi mbili, maana kochi halijashonwa na mbao za kitanda hazijapasuliwa. Unalipa leo, unaambiwa uje baada ya wiki tatu.

Hizo wiki tatu ndizo roho ya biashara nzima. Pesa iko dukani na bidhaa haipo, na mwenye duka anazitumia fedha zako bila kuzilipia riba. Muuza sukari hapati neema hiyo. Kwake mtu hulipa akabeba. Upande wa pili, mwenye kiwanda cha magodoro amempa mali kauli: chukua sasa, lipa baada ya siku sitini. Basi duka linaweza kujaa vitu mpaka mlangoni na mwenyewe hana shilingi yake hata moja ndani. Nilipoliona hilo daftarini mwaka wangu wa kwanza, nilidhani nimekosea kujumlisha. Nikajumlisha tena.

Ndivyo maduka haya yanavyokua upesi hivyo?

Ndivyo. Maadamu mauzo ya mwezi huu yanapita ya mwezi uliopita, arubuni zinazoingia huwa nyingi kuliko makochi yanayotoka. Ziada hiyo hufungua tawi la pili, tawi la pili huleta arubuni zake, nazo hufungua la tatu. Mpita njia huona utajiri. Mwenye kalamu huona deni lililovaa kanzu ya Idi.

Sasa mauzo yakisimama, wala si lazima yashuke, yasimame tu, makochi ya zamani yanadaiwa na arubuni mpya hazitoshi kuyashona. Hapo ndipo kochi la mama wa Kisauni linaposhonwa kwa pesa ya kitanda cha bwana wa Mikindani, na kitanda cha Mikindani kikangoja mtu wa tatu aingie mlangoni. Asipoingia?

MFI ya Uingereza hutajwa sana. Ilikuwa nini hasa?

Ilikuwa kampuni ya maduka ya fanicha, iliyoanzishwa mwaka 1964 na Noel Lister na Donald Searle. Herufi zile zilitoka kwa Mullard Furniture Industries, na Mullard lilikuwa jina la ukoo la mke wa Searle kabla hajaolewa. Mwanzo waliuza kwa posta. Baadaye wakaiacha posta, wakafungua maghala makubwa nje ya miji, mahali ambapo pango ni nafuu na gari lina pa kuegesha.

Ufundi wao ulikuwa kwenye sanduku bapa. Kabati lilikuwa vipande na kifuko cha skrubu. Mteja hulibeba mwenyewe, huliunga mwenyewe na hugombana na mkewe mwenyewe. Hesabu yake ni tamu. Kabati lililokwisha kuungwa ni hewa tupu kwa sehemu kubwa, na sisi Mombasa tulikuwa tunalipia dizeli ya kusafirisha hewa hiyo mpaka Likoni, pamoja na kupoteza nusu siku kwenye foleni ya feri. Wao walisafirisha mbao peke yake.

Ilikua hata ikasemwa, kwa majigambo ya kibiashara, kwamba katika kila milo mitatu ya Jumapili nchini humo mmoja ulipikwa katika jiko la MFI, yaani chumba cha kupikia chenye makabati yake. Mwaka 1985 iliungana na Asda, kampuni ya supamaketi. Mwaka 1987 wakuu wake wakainunua kutoka huko kwa fedha nyingi za mkopo. Muda si mrefu soko la nyumba la Uingereza likapoa, na fanicha hufuata nyumba: mtu asiyehamia habadilishi jiko. Deni likabaki pale pale, nalo halijui msimu.

Kama ilikuwa kubwa hivyo, nini kiliiua?

Wengi hujibu "IKEA", ile kampuni ya fanicha ya Uswidi, na ni kweli IKEA ilifungua duka lake la kwanza Uingereza mwaka huo huo wa 1987. Lakini mimi naona IKEA iliiua MFI kama jua linavyomuua mtu aliyekwisha kukosa maji. Jina lilikuwa limeshaharibika, watu wakifanyia mzaha milango ya makabati yake. Mnamo 2004 mfumo mpya wa kompyuta wa kupanga oda ukawavuruga: jiko linafika nyumbani bila mlango mmoja, lori linarudishwa, fundi analipwa mara mbili. Mwenye kuwahi kupeleka kitanda bila vyuma vyake anajua faida ya siku nzima inavyoyeyuka kwa safari moja ya kurudi.

Na chini ya yote hayo kulikuwa na pango. Maghala yale yalikuwa na mikataba ya miaka mingi, na mwenye jengo haulizi umeuza nini. Oktoba 2006 kampuni mama iliyauza maduka yote kwa pauni 1. Watu huniuliza kama hilo ni kosa la uchapishaji. Si kosa. Aliyenunua alikubali kubeba hasara na mikataba ya pango, na hiyo ndiyo iliyokuwa bei yenyewe.

Tarehe 26 Novemba 2008 MFI iliwekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi, siku moja na maduka ya Woolworths ya huko. Maduka yake ya mwisho yalifungwa Desemba 19, wiki moja kabla ya Krismasi, watu wakiwa wameshalipia majiko ya kupikia sikukuu.

Nasikia kuna sehemu yake iliyopona?

Ipo, na kwangu hii ndiyo sehemu yenye mafunzo kuliko zote, ingawa magazeti huipita haraka. Mwaka 1995, ndani ya MFI hiyo hiyo, Matthew Ingle alianzisha Howdens. Haikumuuzia mwenye nyumba. Ilimuuzia fundi. Ilikaa kwenye godauni za bei nafuu bila vioo vya maonyesho, ikawapa mafundi akaunti za kuchukua jiko sasa na kulipa baadaye, na ikahakikisha kila kitu kiko stoo siku fundi anapokitaka. Fundi hurudi kila mwezi. Mwenye nyumba hurudi baada ya miaka kumi na mitano.

Kampuni mama ilipoyatupa maduka kwa ile pauni, ilijiita Galiform na kubaki na Howdens. Mwaka 2010 ikachukua jina la Howden Joinery Group, na ingali ipo. Ila haikuponyoka bure. Baadhi ya mikataba ya zamani ya pango ilikuwa imeidhamini, kwa hivyo MFI ilipokufa wenye majengo walirudi kubisha hodi kwake. Ni kama umemwoza binti, mume akafa, na mwenye nyumba wao akaja kukudai kodi wewe baba mkwe.

Turudi nyumbani. Lenu nyinyi lilikufa kwa nini?

Nikiulizwa kijiweni husema "korona", ili kahawa isipoe. Jibu la kweli ni refu.

Biashara yetu ilikuwa harusi. Hapa pwani bwana harusi hutakiwa alete chumba: kitanda, kabati, dresa, godoro. Ramadhani hakuna harusi, ila watu hubadilisha makochi na mapazia kwa ajili ya Idi. Ikifika Mfunguo Mosi harusi zinafululizana, na duka hupata pumzi ya miezi kadhaa. Bosi alilijua hilo kama anavyojua jina la mamaye. Miaka ya mwanzo alifuata msimu: mafundi wake wako Magongo, mbao ni mkangazi na msaji, na hakuna tawi lililofunguliwa kabla la kwanza halijalipa mbao zake.

Halafu akaja mtu wa jengo jipya la biashara Nyali. Sakafu ya marumaru, lifti, kiyoyozi. Kilemba kwanza, ile pesa ya kupewa nafasi, kisha kodi ya miezi mitatu mbele. Nilimwandikia bosi karatasi moja: ili tawi lile lilipe pango lake tu, lilihitaji kuuza seti mbili za chumba kila siku ya Mungu, Jumapili pamoja na Ramadhani. Aliisoma, akaikunja, akaniambia, "Karani, wateja wa Nyali hawanunui kama wa Majengo." Kweli. Wa Nyali waliingia, wakapigwa na kiyoyozi, wakapiga picha makochi, wakaenda kumwonyesha fundi picha hizo.

Ili marumaru ile ijae, tukaanza kuagiza makontena ya fanicha za unga wa mbao zilizogandishwa. Zinang'aa, na zinafika kwenye masanduku bapa kama ya MFI. Lakini hewa ya Mombasa ina chumvi na unyevu, na ubao ule ukinywa unyevu huvimba kama andazi. Kabla mwaka haujaisha droo hazifungi na bawaba zinang'oka. Tulikuwa tumeandika dhamana ya mwaka mmoja kwenye risiti. Zikarudi.

Mwaka 2017 ukaja na uchaguzi wa Agosti 8, Mahakama ya Juu ikaufuta Septemba 1, ukarudiwa Oktoba 26. Miezi ile yote watu walishika pesa zao. Hatukuuza kidogo, tuliuza sawasawa na mwaka uliotangulia. Tazama tena nilichosema juu kuhusu mauzo kusimama. Februari 2018 serikali ikasimamisha ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii, bei ya mbao ikapanda, na mafundi wa Magongo, ambao wakati huo walikuwa wanatudai, wakakataa kupokea oda bila fedha taslimu. Ningekuwa wao ningefanya vivyo hivyo.

Nakumbuka Jumatano moja. Kijana ameingia Mwembe Tayari na kadi ya harusi mkononi. Harusi ni Ijumaa, na alikuwa amemaliza kulipa tangu mwezi uliopita. Kitanda chake hakijaanza hata kupigwa randa. Meneja akatazama huku na huku, akaamuru wafungue kile cha maonyesho, kikafutwa vumbi, kikapakiwa. Kijana akatushukuru. Wiki iliyofuata tulifanya hivyo kwa watu wanne. Mwezi uliofuata hatukuwa tena na vitanda vya maonyesho, tukavisogeza vichache vilivyobaki ili sakafu isionekane tupu.

Korona iliingia nchini Machi 2020. Aprili 8 kuingia na kutoka Mombasa kukafungwa hadi Julai, na mwezi Mei Mji wa Kale nao ukafungwa peke yake. Harusi kubwa zikakoma na hakuna anayehamisha kabati. Korona ilizima taa, sawa. Nyaya zilikuwa zimeungua zamani.

Husemwa mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi daftari tulikuwa nalo, na habari tulikuwa nayo.

Nakumatt inaingiaje hapa? Ile si ilikuwa supamaketi?

Ilikuwa supamaketi ikiwa mzee. Ujana wake ilikuwa duka la magodoro Nakuru, na jina lenyewe limetokana na Nakuru Mattress. Wengi wetu tuliijua Nyali, ikifunguliwa usiku na mchana, rafu zikimeremeta. Kwenye kilele chake ilikuwa na matawi zaidi ya 60 katika Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda.

Yenyewe haikuishi kwa arubuni. Iliishi kwa mali kauli: wenye viwanda na wakulima wameleta bidhaa, mteja amelipa taslimu kaunta, na fedha zimekwenda kufungua tawi jingine badala ya kumrudia aliyeleta maziwa. Kiowevu kingine, bomba lile lile. Mwaka 2017 rafu zilianza kuwa na mapengo, Januari 2018 ikawekwa chini ya msimamizi, na Januari 2020 wadai walipiga kura ifilisiwe. Deni lilihesabiwa kwa makumi ya mabilioni ya shilingi. Walioumia zaidi ni wauzaji wadogo ambao hawakuwa na rehani yoyote mkononi, wana ankara tu.

Kuuza mtandaoni si kunaondoa shida ya pango?

Kunaondoa pango. Arubuni inabaki. Made.com ya London ilianza mwaka 2010 kwa wazo zuri: mteja analipa kwanza, kiwanda kinatengeneza, meli inaleta. Juni 2021 ikaingia soko la hisa la London ikithaminiwa pauni milioni 775. Wakati huo dunia imejifungia ndani na kila mtu anataka meza ya kufanyia kazi. Wateja walipochoka kungoja, kampuni ikaanza kununua bidhaa nyingi mapema na kuziweka stoo, na zilipofika, watu walikuwa wametoka nje, bei za vitu zimepanda na hakuna anayetaka kochi. Novemba 2022 ikafilisika. Jina lake likanunuliwa na Next, kampuni nyingine ya maduka ya huko, kwa pauni milioni 3.4. Waliokuwa wamelipia makochi yasiyotengenezwa waliandikwa katika orodha ya wadai.

Mwingereza aliyelipa kwa kadi ya mkopo ana ngao: sheria yao ya mikopo ya mwaka 1974 humwezesha kudai kwa benki iliyotoa kadi, kwa kitu kinachozidi pauni 100 hadi 30,000. Wewe uliyetuma kwa M-Pesa huna ngao hiyo. Ndiyo sababu nasisitiza sana jibu la swali linalofuata.

Nitajuaje duka linaelekea kuzama kabla sijatoa pesa?

Tazama sakafu kabla ya bei. Duka lenye afya lina kitu kipya kila mwezi. Linaloumwa lina nafasi, na vitu vimesogezwa mbali mbali kama viti vya matanga yaliyokwisha. Uliza kochi lile lile katika matawi mawili. Wakikwambia yote mawili "tumebakiwa na hili moja", ujue ni moja kweli, na linasafiri.

Halafu sikiliza punguzo. Punguzo la Idi lina mwisho. Punguzo linaloanza Februari likafika Juni ni mtu anayetafuta fedha za mshahara wa mwezi huu. Mbaya zaidi ni lile la "lipa yote leo upunguziwe robo", kwa bidhaa ambayo haijatengenezwa. Mimi mwenyewe niliwahi kuandika tangazo la namna hiyo, nikijua. Sijivunii.

Wafanyakazi nao husema bila kusema. Wauzaji wa zamani wameondoka, waliopo hawajui bei. Dereva anaomba umpe ya mafuta. Fundi wa kuunga amekuja na skrubu zake mwenyewe. Na ukiambiwa utume arubuni kwenye nambari ya simu ya mtu badala ya nambari ya biashara, rudisha simu mfukoni.

Nimelipa arubuni na leo nimekuta kufuli. Nifanye nini?

Kwanza usivunje kufuli. Wamefanya hivyo watu na wakaishia kituoni wao.

Kusanya karatasi: risiti, ujumbe wa M-Pesa, mazungumzo ya WhatsApp, picha ya kochi uliloahidiwa. Kisha ujue duka liko katika hali gani. Kama limefunga tu na kampuni haijaingia katika ufilisi, unaweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo, ipo hapa Mombasa, inapokea madai yasiyozidi shilingi milioni 1 na sheria inaitaka iamue ndani ya siku 60. Huhitaji wakili.

Kama limewekwa chini ya msimamizi kwa Sheria ya Ufilisi ya 2015, huwezi kulishtaki bila idhini yake au ya mahakama. Unachofanya ni kupeleka hati ya kuthibitisha deni kwa msimamizi au mfilisi, upesi, uandikwe. Halafu unangoja mwisho wa foleni. Benki yenye rehani iko mbele, gharama za mfilisi mbele, mishahara mbele, kodi ya serikali mbele. Wewe uko pamoja na fundi wa Magongo na mwenye sponji.

Upo mlango mmoja mdogo. Ikiwa kitu chako kilikuwa kimekwisha, kimetengwa, kina jina lako, unaweza kudai kwamba kilishakuwa mali yako na si mali ya duka. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inaruhusu hoja hiyo kwa kitu mahususi kilicho tayari kukabidhiwa. Kwa hivyo siku ukiambiwa "kochi lako liko tayari, utalifuata wikendi", usingoje wikendi. Na ukishindwa kulichukua, nenda ukaliandike jina chini ya mto, ulipige picha, na nambari ya risiti iandikwe hapo hapo.

Nilichukua kwa lipa mdogo mdogo na duka limekufa. Deni limekufa nalo?

Halijafa. Limehamia kwa mfilisi, au kwa kampuni ya mikopo iliyokuwa nyuma ya duka tangu mwanzo. Endelea kulipa, ila usilipe kwa yeyote anayekupigia simu, dai barua. Na kama mkataba wako ni wa Sheria ya Ununuzi kwa Awamu, Sura ya 507, ukishalipa theluthi mbili ya bei hawawezi kuja kukunyang'anya kabati bila amri ya mahakama. Matapeli hupenda sana wiki za mwanzo za ufilisi. Orodha ya wateja wetu ilipotea siku tatu baada ya kufungwa, nami najua haikupotea yenyewe.

Wafanyakazi hulipwa?

Kwa sheria wanatangulizwa: mishahara ya miezi minne kabla ya ufilisi, isiyozidi shilingi 200,000 kwa mtu. Wakati mwingine hakuna cha kugawa. Mimi nilipata sehemu, kwa awamu mbili. Madereva, waliokuwa wakilipwa kwa siku bila barua ya kazi, hawakupata kitu, na hao ndio walioijua kila ngazi ya Mji wa Kale na kila roshani ya kupandishia kabati kwa kamba.

Dola iliposhuka, mbona bei hazikushuka?

Kwa sababu bidhaa iliyoko sakafuni ilinunuliwa kwa dola ya zamani. Mwanzoni mwa 2022 dola ilikuwa kama shilingi 113. Januari 2024 ikafika karibu 160. Kabla mwaka haujaisha ikarudi karibu 130. Aliyeagiza kontena wakati wa 160 hawezi kukuuzia kwa hesabu ya 130, na jirani yake aliyeagiza baadaye anaweza. Katikati hapo ongeza ushuru wa forodha wa Afrika Mashariki kwa fanicha kutoka nje, uliopandishwa hadi asilimia 35 kuanzia Julai 2022. Maduka kadhaa ya mjini yalinaswa kati ya namba hizo mbili bila kosa lolote la kupanua matawi.

Mnada wa duka lililofilisika, ninunue?

Nunua mbao nzito, acha unga wa mbao. Geuza kitu chini juu. Mlete fundi wako, sio shemeji. Usitarajie dhamana, na ulipe kwa dalali mwenye leseni kisha upewe risiti. Katika mnada wetu kitanda cha samadari, ambacho bosi alikuwa amekiweka ofisini kwake na hakukubali kukiuza kwa bei yoyote, kiliondoka kwa bei ya godoro jipya. Aliyekinunua hakujua alichonunua, akakilaza kwenye mkokoteni kifudifudi.

Si afadhali fundi wa mtaani basi?

Kwa kitanda, kabati na meza, mara nyingi ndiyo. Unamwona, unajua kwake, na ukipita kila jioni unaona mbao zako zimefikia wapi. Lakini usijidanganye kwamba yeye haishi kwa arubuni. Fundi wa mtaani ni duka la fanicha lenye tawi moja. Naye hukata mbao za leo kwa pesa za juzi. Tofauti ni kwamba akizama anazama na oda nne, na utamkuta nyumbani kwake.

Wewe mwenyewe hununua wapi sasa?

Kwa mmoja wa mafundi wa Magongo waliokuwa wakitudai. Namlipa mara tatu: fedha za mbao nikiwa naye dukani kwa muuza mbao, fedha za sponji na kitambaa baada ya kuona fremu imesimama, na zilizobaki kochi likiwa juu ya mkokoteni. Alicheka nilipompa masharti hayo, akaniuliza kama sikumwamini. Kochi la sasa aliahidi wiki tatu. Huu ni mwezi wa tatu, na wageni bado nawakaribisha mkekani.